Ngumi ya Okemwa

Okemwa alimkuta ng'ombe wa kaka yake katikati ya michai michanga, miche imelala chini, mingine imekatika kabisa. Damu ikamchemka. Alipanda kilima moja kwa moja hadi kwa kaka huyo, Manasseh.

"Nimekuambia mara ngapi umfunge huyu ng'ombe?"

"Kamba imekatika, ndugu yangu. Nilikuwa ninakuja ku—"

Okemwa hakungoja amalize. Alirusha ngumi. Manasseh aliinama kuikwepa, na ngumi ikatua juu ya paji la uso wake. Akaanguka chali, kimya.

Nimemuua, Okemwa aliwaza. Nimemuua mtoto wa mama yangu kwa ajili ya majani! Alipiga magoti, akamtikisa. Manasseh akafumbua macho, akajipapasa kichwa, akaketi.

"Mungu asante," Okemwa alinong'ona. Hapo ndipo aliposikia maumivu makali kwenye shina la kidole gumba.

Nyumbani alimdanganya mkewe Orpah kwamba ameteleza. Kulipokucha mkono ulikuwa umefura, na hata kifungo cha shati hakikushikika. Orpah alikuwa anatafuta mafuta ya kuukanda mkono huo, Manasseh alipofika akiongoza baiskeli yake, nundu ikimng'aa usoni.

"Usiukande, Mama Nyasani," alimwambia Orpah. "Okemwa, panda kerieri, twende Kisii."

Walitoka kwao Marani kuelekea mjini, Manasseh akiendesha, Okemwa nyuma. Kwenye vilima walishuka wakatembea.

Hospitalini daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Mfupa ulikuwa umevunjika chini kabisa, mahali kidole kinapoungana na kifundo cha mkono, na kipande kikubwa kimevutwa pembeni.

"Mkono huu ungekandwa, usingeshika hata kijiko tena. Uliumia vipi?"

Daktari alitazama nundu ya Manasseh.

"Alinipiga, daktari," Manasseh akasema. "Kichwa changu kikashinda."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akamchoma Okemwa sindano ya ganzi, akakivuta kidole huku Manasseh amemshikilia kiwiko, kisha akakizungushia plasta. Wakarudi kupiga picha nyingine. Kama mfupa ungekataa kukaa, daktari alieleza, angelazimika kuupitishia waya.

Wakasubiri kwenye benchi. "Nisamehe," Okemwa alisema hatimaye, machozi yakimlengalenga.

"Nilikusamehe jana. Ile miche nitaipanda upya mimi. Wewe utasimama tu na kunionyesha mstari."

Mlango ukafunguka. "Umekaa vizuri," daktari alisema. "Hakuna waya."

Wiki kadhaa baadaye, plasta ilipotolewa, kidole kilikuwa chembamba na kigumu. Daktari alimwambia akigusishe na kidole cha mwisho. Kilitetemeka, kikakawia njiani, kikafika. Okemwa akamgeukia kaka yake, akakigusisha tena na tena, kama mtu aliyepewa mkono mpya.