Mkono Usio na Glavu

Jumanne, tarehe tisa Julai. Asubuhi ilikuwa na baridi kavu, na upepo mwembamba ulipenya chini ya mlango. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikaomba kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa saa nne meneja alikuwa amemwita Dada Maji, mwoshaji wetu, ofisini ili amfukuze kazi, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba hana kosa.

Karakana yetu hupaka tabaka jeupe kwenye mashina ya nyonga. Shina ni kile chuma cha titani ambacho daktari hukisukuma ndani ya mfupa wa paja la mtu ambaye nyonga yake imeharibika. Chuma kikiwa kitupu, mfupa hukaa nacho kama majirani wasiosalimiana. Kikipakwa poda ya madini yaleyale yaliyomo mfupani, mfupa hukikubali, huota juu yake na kukishika. Tabaka lenyewe ni jembamba kuliko ukucha. Likibanduka, chuma hucheza ndani ya paja, na mgonjwa hurudi kupasuliwa.

Dada Maji ndiye huosha mashina kabla hayajapakwa, kwanza kwa sabuni, kisha kwa spiriti, ndani ya beseni linalotetemeka. Akimaliza hunipitishia trei kwenye kidirisha. Mimi niko chumba cha kufunika, hatua nne kwa tatu. Huvisha shingo za mashina vifuniko vya mpira, mahali ambapo poda haitakiwi kufika. Mashine ya hewa huvuma humo kutwa nzima, kwa hiyo hata mtu angekuwepo tusingesikilizana. Kwenye safu ya mbele ya kila trei kuna kisahani cha majaribio, cha chuma kilekile. Kikishapakwa, Mpimaji hukigundisha kwenye mashine yake na kukivuta mpaka tabaka ling'oke. Likishika vizuri, trei inapita. Likiachia mapema, trei nzima inakataliwa.

Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Binti yetu wa pekee anaishi mji mwingine na mumewe. Hupiga simu Jumapili, dakika kumi, na tano kati ya hizo mjukuu wangu anahema tu kwenye simu. Zaidi ya hapo, siku hupita bila mimi kumgusa binadamu yeyote. Tangu Februari nilijizoeza jambo moja. Kila Ijumaa, siku mbili za upweke zikiwa mbele yangu, nilivua glavu ya mkono wa kulia, nikaweka kiganja juu ya safu ya mbele ya trei ya mwisho, nikamwombea mtu nisiyemjua. "Mungu, mtembeze huyu." Sheria iliyobandikwa ukutani inasema chuma kilichooshwa hakiguswi. Nilijiambia kwamba sheria ile inahusu uchafu, na mimi nilikuwa nimenawa. Tena, mkono wa sala utachafua nini?

Juni ilipoingia, ngozi ya mikono yangu ilipasuka kwa baridi, nikaanza kupaka mafuta ya mgando asubuhi na mchana. Ijumaa tatu mfululizo trei zilikataliwa. Watu wakaunganisha mambo wanavyojua. Ijumaa Dada Maji huwahi kutoka kumchukua mwanawe shuleni.

"Ijumaa akili yake iko langoni," walisema wapuliza poda, tena kwa sauti ili asikie. "Huyo anaosha kama anayesuuza kikombe cha jirani."

Alipewa barua ya onyo, kisha ya pili. Nilimkuta kwenye korido macho yakiwa mekundu, nikamwambia, "Vumilia mwanangu, mimi nakuombea." Na kweli nilimwombea. Ijumaa hiyohiyo, kiganja changu kikiwa juu ya trei.

Jumatatu jioni nilikuwa shuleni. Nasoma masomo ya jioni ya watu wazima, ndiyo maana kazini naitwa Mwanafunzi, ingawa nina miaka hamsini na sita. Mwalimu wetu wa sayansi ni mdogo kuliko binti yangu. Jioni hiyo alileta vipande viwili vya kioo vilivyooshwa kwa spiriti.

"Baba, njoo unisaidie," aliniita. "Gusa hiki. Kile kingine usikiguse."

Nikagusa. Akadondoshea maji kwenye vyote viwili. Kwenye kioo kisichoguswa maji yalitandaa kama shuka. Kwenye changu yalijikunja, yakasimama kama shanga.

"Mnaona? Macho yanasema vyote ni safi. Lakini vidole vya baba vimeacha mafuta, na mafuta yamekataza maji kushika. Ukipaka rangi hapo itabanduka. Baba, mbona umekaa? Unaumwa?"

Nilitazama kiganja changu cha kulia. Daftari langu la jioni ile lina tarehe tu.

Basi Jumanne saa nne nilibisha mlango wa ofisi bila kuitwa. Meneja alikuwa mezani, Mpimaji amesimama na makaratasi yake, Dada Maji ameketi, mkoba mapajani kama mtu aliyekwisha kuaga.

"Mwanafunzi, tuna kikao," alisema meneja.

"Najua, bosi. Anayetakiwa kwenye kiti hicho ni mimi."

Nikaeleza yote: Februari, Ijumaa, glavu, sala, mafuta ya mgando.  

Mpimaji ndiye aliyesema kwanza. "Kisahani huwa safu ya mbele. Ndipo unapoweka mkono?"

"Hapohapo."

Dada Maji aliuweka mkoba sakafuni. "Wiki tatu nalia chooni, mzee wangu. Wiki tatu unaniambia unaniombea."

"Nilikuwa nakuombea."

"Basi naomba upunguze."

Mpimaji alicheka, akajizuia. Mimi sikuweza kucheka, na yeye Dada Maji hakuwa anatania.

Meneja hakutaka maneno matupu. Aliagiza visahani viwili vioshwe na Dada Maji mbele ya macho yetu. Nikapaka mafuta yangu, nikasubiri yakauke, nikanawa, kisha nikaweka kiganja kwenye kimoja kama nilivyozoea. Vikapakwa pamoja. Alhamisi vikavutwa. Cha kwanza kilishika mpaka mashine ikalalamika. Cha kwangu kiliachia mapema, tabaka likang'oka zima kama ganda la yai la kuchemsha, na chini yake chuma kiling'aa.

Meneja akashika kichwa. Trei zilizokataliwa zilikuwa bado stoo, lakini za Ijumaa za kabla yake, tangu Februari, zilipita vipimo na zilikuwa zimekwenda hospitali. Nilimwandikia orodha ya kila Ijumaa niliyoikumbuka, naye akaziandikia hospitali barua siku ileile, mashina yaliyobaki yarudishwe na waliokwisha kuwekewa wafuatiliwe. Sijui kama kuna mtu aliyeumia. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Saa nane meneja aliwakusanya wafanyakazi wote mlangoni pa chumba cha kuoshea. Alichana barua mbili za onyo. Akasema mimi nimeondolewa chumba cha kufunika, na kwamba kama nitabaki karakanani au la, ataamua mwoshaji, kwa kuwa nafasi pekee iliyopo ni chini yake.

Wote wakamgeukia. Dada Maji alifuta mikono kwa aproni taratibu.

"Walinisema kwa sauti," alisema. "Na yeye aseme kwa sauti. Anaahidi nini?"

Nilitazama nyuso zao, wapuliza poda, Mpimaji, mlinzi wa lango. Miaka minne nafanya kazi na watu hawa, na sikuwahi kusimama karibu nao kiasi hiki.

"Ninaahidi," nilianza.

"Wa kule nyuma hawasikii, mzee wangu."

Nikavuta pumzi, nikapaza sauti juu ya mashine zote.

"Ninaahidi mbele yenu: nitaosha chini ya mkono wa dada huyu, na sitavua glavu mbele ya chuma. Trei yoyote ikikataliwa, nitakuwa wa kwanza kusema nilichofanya mimi, kabla hamjamtazama yeye."