Kituo Kisicho na Mtu

Watu wa mtaa walimwita Mzee Koki, naye hakukataa, maana jina la kubandikwa ni kama kovu: ukishalizoea unasahau lilivyouma. Alikuwa mwangalizi wa nyumba ya pampu, ile ya mawe yenye paa la bati, iliyokaa juu ya kilima na tangi lake ubavuni. Kazi yake ilikuwa kutazama. Tangi likielekea kukauka, abonyeze swichi pampu ivute, likijaa, azime. Ukisimuliwa hivyo utasema ni kazi ya mvivu. Haya, sinzia siku moja, uone akina mama wanavyopanda kilima na ndoo tupu na midomo iliyojaa.

Nyuma ya pampu palikuwa na chumba cha idara ya maji na jiko la nje. Hapo ndipo alipoishi na mkewe mpaka mkewe alipofariki. Pumu ilimbana mchana kweupe, na gari la wagonjwa lilikuwepo, si kwamba halikuwepo, ila siku hiyo lilikuwa limebeba viti vya harusi ya mkubwa mmoja. Mzee Koki alimwambia hivyo kila aliyemsikiliza, na wengi wasiomsikiliza.

"Mke wangu hakuuawa na pumu," alikuwa akisema. "Aliuawa na harusi."

Tangu hapo, kila baya lililotokea duniani alijua limetoka wapi. Mvua ikichelewa, wakubwa. Kiatu kikiachia soli, wakubwa. Walimcheka, lakini walimcheka kwa mbali.

Asubuhi moja binti yake alipanda kilima na begi mgongoni. Huyu ndiye mtoto pekee aliyebaki karibu. Alikuwa fundi wa mitambo katika idara ya maji, wa mkataba, yule anayeitwa kazi ikiwepo na kusahauliwa ikiisha. Alikuwa amezunguka vituo vyote vya pampu akibadilisha mfumo wa visanduku vinavyoongoza pampu, na hiki cha baba yake kilikuwa cha mwisho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona umekonda? Hao wakubwa wako hawakulishi?"

"Wananilipa nijilishe mwenyewe."

"Wanalipa? Kumbe dunia imebadilika nikiwa nimelala."

Binti alicheka, akavua viatu mlangoni kama alivyofundishwa na mamake, akaingia. Kisanduku kilikuwa kimefungwa ukutani juu ya pampu, kitu cha bati ukubwa wa tofali, chenye taa ya kijani mbele. Ndani yake, kwa jinsi binti alivyowahi kumweleza, kulikuwa na kompyuta ndogo inayoendeshwa na mfumo uitwao Linux, haina kioo wala kibodi, kazi yake kupima maji na kuiamuru pampu. Hata swichi ya Mzee Koki ilipita humo humo. Yeye alibonyeza tu. Aliyeamuru alikuwa kisanduku.

Binti alifungua skrubu, akachomeka waya mwembamba kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye laptopu yake. Akazima, akawasha. Maandishi meupe yakaanza kushuka kwenye kioo, mstari juu ya mstari, kama mtu anayesoma dua kwa haraka ili akale.

"Anasema nini huyo?"

"Anaamka, baba. Anahesabu viungo vyake. Hapa ameona kumbukumbu, hapa ameona waya wa tangi, hapa ameona pampu." Akabonyeza, maandishi yakasimama. "Sasa namflashi. Namfutia mfumo wa zamani namwandikia mpya."

"Na ile betri yako kubwa ya akiba? Juzi kwenye simu ulisema bila betri hufanyi."

Binti aliinamia kibodi. "Niliiomba. Meneja kasema imeenda kwingine. Kasema mchana umeme haukatiki, niendelee."

"Kakuandikia?"

"Kasema kwenye simu."

"Aa! Maneno ya mkubwa kwenye simu ni kama moshi, mama. Unauona, lakini hebu ushike."

"Baba, usianze."

Basi hakuanza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akamtazama akiandika mipangilio, yaani yale maagizo ambayo kisanduku kitayafuata kikishaamka upya: maji yakifika hapa, washa, yakifika pale, zima, likitokea tatizo, piga ofisini. Vidole vya binti vilikimbia. Mzee akawa anaona fahari, ile fahari inayomjia mzazi bila kuombwa, mpaka alipouliza swali ambalo angalilimeza angalijua.

"Na mimi umeniweka wapi humo?"

Vidole vikasimama.

"Tatizo likitokea atapiga ofisini," mzee akasema. "Sawa. Lakini tangi likikauka si ataniita mimi? Umeniandika wapi?"

"Baba." Aligeuka. "Kituo hiki kinakuwa kituo kisicho na mtu. Vyote vimekuwa hivyo. Nilitaka nikwambie nikimaliza."

"Ukimaliza kunimaliza."

"Si mimi! Ni amri. Nisipofanya mimi atakuja mwingine. Na hiki ndicho cha mwisho, Meneja kaniahidi nikifaulu napewa ajira ya kudumu. Miaka yote hii ya kuitwa na kuachwa, baba. Nimechoka."

Mzee Koki alisimama. Alienda hadi kwenye swichi kubwa ya umeme ukutani, akaweka kiganja juu yake. Wala hakupandisha sauti.

"Nikizima hii wakati unaandika, inakuwaje?"

"Inategemea ni wakati gani." Binti aliongea polepole, kama anayeongea na mtu aliye juu ya paa. "Kuna kipande kidogo cha programu kinachoamka kwanza. Umeme ukiingia, hicho ndicho kinachofumbua macho, kikauamsha mfumo, mfumo ukaiamsha pampu. Leo nakibadilisha nacho. Ukizima hapo, hakuna tena wa kumwamsha mwenzie. Kinakuwa bati tupu, na hakitengenezeki hapa. Mtaa mzima unakosa maji, na mimi kazi yangu imekwisha."

"Kama mama yako," mzee akasema, akijishangaa. "Siku akilala yeye, nyumba nzima imelala."

Wakatazamana. Binti akashusha pumzi. "Naanza, baba. Nimekuamini."

Akabonyeza. Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Kwenye kioo asilimia zikawa zinapanda kwa uvivu, maana waya ule ulikuwa mwembamba na kazi yake ya taratibu. Na hapo hapo simu ikalia. Nani? Meneja. Mkubwa ana kipaji hicho, anajua saa ambayo mikono yako imejaa. Mle ndani ya mawe sauti ilikuwa inakatika katika, na Meneja hakuwa mtu wa kuambiwa subiri. Binti alimtazama baba yake, akatazama taa, akatoka na simu sikioni hadi getini.

Mzee Koki akabaki na kisanduku.

Kiganja kilikuwa bado kwenye swichi. Mtu asikudanganye kwamba hakuwaza. Aliwaza sana. Aliwaza chumba kile cha nyuma, kitanda, ukuta wenye alama ya mafuta pale mkewe alipozoea kuegemea akisuka nywele. Wangemtoa humo kama wanavyotoa mtambo mbovu, na hata mtambo mbovu husainiwa na watu wawili kwanza. Kugeuza kiganja tu, basi. Wangejua na wao kukosa kulivyo.

Kisha akaviona viatu vya binti mlangoni. Kisigino kimoja kililika upande, kikashonwa kwa uzi wa gunia, na uzi wenyewe ukalika. Anakwenda ofisini hivi, akawaza. Anasimama mbele ya Meneja hivi.

Akatoa kiganja. Akakiweka mfukoni kabisa, ndani, kama mtu anayeficha kitu kwa mtoto.

Ndipo umeme ulipokatika.

Haukukatika kwa kelele. Taa nyekundu ya kwenye swichi ilizimika, ikawaka tena, kufumba na kufumbua. Mchana ule hakuna balbu iliyokuwa inawaka, na pampu ilikuwa imesimamishwa, kwa hiyo nje hakuna aliyejua. Taa ya kijani ya kisanduku nayo ilizimika. Yenyewe haikurudi.

Binti alipoingia alimkuta baba yake katikati ya chumba, mkono mfukoni. Alitazama kioo cha laptopu, akapiga magoti, akachomoa na kuchomeka, akabonyeza vitufe, akangoja. Kioo kilibaki cheusi. Hakuna hata herufi moja iliyoshuka.

"Umekatika?" Sauti ilikuwa ndogo. "Baba, umeme umekatika?"

Nisisitize hapa, maana wengi husimulia vibaya. Hakumshuku. Alimwuliza kama mtoto anavyomwuliza mzazi kama mvua imenyesha.

Kabla mzee hajajibu, simu ikalia tena. Binti aliipokea kwa spika ya nje, mikono ikiwa bado kwenye waya. Maneno yalifika yamekatwakatwa, lakini yalifika.

"Vipi, tayari?"

"Meneja, kuna tatizo. Nadhani umeme ulikatika katikati. Kisanduku hakiamki."

"Ulikatika? Na betri ya akiba ilikuwa wapi?"

"Si ulisema niendelee bila..."

"Mimi?" Kimya kidogo, kile kimya cha mtu anayefunga vifungo vya koti. "Mimi nilikwambia ufanye kazi bila betri? Mwongozo si unaujua? Nani alisikia nikisema hivyo? Angalia, binti, hilo litakuwa lako mwenyewe. Kwa kweli umenisikitisha. Nilikuwa nakupigania hapa."

Binti aliachia waya. Mzee Koki alimwona akiwa mdogo ghafla, bega moja chini kuliko jingine. Na ndani yake yale maneno yote ya miaka yote yakapanda kooni. Leo alikuwa na ushahidi. Leo kwa mara ya kwanza hakuwa anabahatisha: kosa lilikuwa la mkubwa, limepigwa muhuri. Angalisema nini? Mwangalizi wa pampu, baba wa mtuhumiwa, mpiga kelele anayejulikana. Nani angemsikiliza?

Lakini kuna jambo moja ambalo wakubwa husikiliza kutoka kwa mnyonge, tena kwa masikio yote mawili.

"Meneja," alisema, akiinamia simu. "Umeme haukukatika. Ni mimi nimezima swichi."

"Nani huyo?"

"Mwangalizi. Nimeambiwa nafukuzwa, nimeona bora tukose wote. Huyu fundi hana kosa, alikuwa nje anaongea na wewe."

Simu ilipumua. "Ahaa," ikasema, na ungeweza kusikia mtu akikaa vizuri kitini. "Ahaa. Basi limeeleweka. Binti, wewe rudi ofisini. Huyo mzee tuachie."

Simu ikakatika. Binti alikuwa anamtazama baba yake, na mzee alitamani binti asingekuwa na macho ya mamake.

"Nilikwambia nimekuamini."

"Ulisema."

"Nikakuuliza kama umeme umekatika. Wala sikukuwazia wewe, baba. Hata kidogo sikukushuku!"

Ulimi wa mzee ulisogea. Neno moja tu lilitosha. Lakini alimjua aliyemzaa. Huyu ndiye aliyewahi kurudi dukani kwa mguu kwa sababu ya chenji iliyozidi. Akiambiwa ukweli angeteremka kilima jioni hiyo hiyo, angesimama mbele ya Meneja na visigino vyake, aseme: umeme ulikatika, na betri ulininyima wewe. Na hapo angekuwa amekwisha, yeye na ukweli wake.

"Wangenitoa bure bure," akasema kwa ukali kadiri alivyoweza. "Nimewaonyesha."

"Umenionyesha mimi."

Alikusanya nyaya zake, hakuzikunja, akazisukumia ndani ya begi. Akavaa viatu. Hakuaga.

Jioni akina mama walipanda na ndoo. Habari ilikuwa imeshashuka mtaani kabla jua halijashuka.

"Mzee Koki, kumbe na wewe ni mkubwa!" mmoja akapiga kelele getini. "Umetukatia maji kwa hasira zako!"

"Na mwanao wa kumzaa umemharibia," mwingine akaongeza. "Kikulacho kweli ki nguoni mwako."

Yeye alifagia tu mbele ya geti, na hilo liliwaudhi kuliko matusi.

Kesho yake kisanduku kingine kililetwa. Betri iliyokosekana jana, leo ilipatikana; ilibebwa na vijana wawili kama wanabeba mgonjwa. Meneja naye alikuja, akazunguka tangi mikono nyuma, akasema neno "hujuma" mara kadhaa. Mzee Koki aliambiwa ahame, na kwamba ashukuru hapelekwi polisi. Kiinua mgongo asahau. Binti alikuwa ndani. Mzee alikaa kwenye ukingo wa jiko la nje, na kupitia dirishani aliona mwanga wa kile kioo ukimpiga usoni, maandishi yakishuka, yakishuka. Halafu pampu ikanguruma. Hakuna aliyebonyeza kitu. Chini mtaani watu wakashangilia.

Siku ya kuhama ulikuja mkokoteni wa injini wa idara, dereva wake kijana mchangamfu. Walipakia kitanda, godoro na sufuria, na bado nafasi ikabaki.

"Fundi ndiye aliyeomba nije," dereva akasema, akifunga kamba. "Kasema nikupeleke utakakosema."

"Hajasema wapi?"

"Hajasema." Dereva alisafisha koo, akatafuta la kuzungumza. "Binti yako mkali, lakini! Kapewa barua ya ajira jana, mbele ya watu. Meneja kampigia makofi."

Mzee Koki alipanda akaketi karibu naye. Injini iliwaka kwa shida, ikazimika, ikawaka.

"Alicheka?" akauliza.

"Meneja?"

"Fundi. Alipopewa barua."

Dereva alifikiri, maana alikuwa kijana mwaminifu. "Hapana, mzee. Alisaini tu, akatoka."

"Haya," mzee akasema. "Twende. Nitakwambia mbele."