Sauti ya Mwamba wa Sigayan

Sauti ilikohoa katikati ya onyo.

Jovelyn Padernal alisita, kikombe cha kahawa hakijamfika mdomoni. Tangu meli yao nyeupe ya walinzi wa pwani ipewe doria ya kuuzunguka Mwamba wa Sigayan, sauti hiyo ya kiume ilikuwa ikimjia redioni kila asubuhi, kavu, iliyonyooka, kwa Kiingereza cha mtu aliyejifunzia darasani: "Meli ya Ufilipino, mmeingia katika maji ya China. Ondokeni mara moja. Litakalowapata mtakuwa mmejitakia." Kimya kidogo, kisha maneno yale yale. Lakini leo, ilipofika kwenye "ondokeni", ilikwama. Ikakohoa kikohozi kizito cha kifuani, cha mtu aliyenyeshewa akalala na nguo mbichi. Kisha ikasema, "Samahani." Halafu ikaendelea kutisha kuanzia pale ilipoachia.

"Mmesikia?" Jovelyn aligeuka. "Ameomba radhi."

"Nimesikia mchumba wako ana mafua," alisema Crispulo, serehangi wa meli, msimamizi wa mabaharia, aliyekuwa akifuta vioo vya chumba cha usukani. Kazi hiyo haikuwa yake, ila alipenda kukaa palipo na maneno. "Mpelekee supu ya tangawizi, dada Jovi. Pengine atatuachia mwamba."

"Soma jibu," alisema Kapteni Arsenio Gallego bila kugeuza shingo.

Jovelyn akakibonyeza kitufe, akasoma. Walikuwa katika maji yao kwa mujibu wa sheria za kimataifa. Walikuwa wakifanya doria halali. Waliiomba meli ya China isizuie safari yao. Alisoma kwa sauti laini isiyopanda wala kushuka, kama alivyofunzwa, na alipomaliza aliweka kipaza sauti mahali pake taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Sauti hiyo laini ndiyo iliyompa kazi. Kabla ya kuvaa sare alikuwa mjini Iloilo, katika jengo refu lenye baridi ya viyoyozi, akipokea simu za Wamarekani waliopotelewa na mizigo viwanja vya ndege. Huko nako alikuwa na karatasi ya kusoma. Watu walimtukana, yeye akawasomea pole zilizoandikwa na wengine. Akajifunza kwamba nyuma ya kila sauti kuna chumba. Alisikia mbwa, bomba linalovuja, mke anayesema "kata simu". Mara nyingine mtu aliyekuwa akifoka kwa ajili ya sanduku alikuwa, ukisikiliza vizuri, ametoka kuzika. Tabia hiyo ya kusikiliza chumba hakuweza kuiacha Iloilo. Alipanda nayo melini.

Kwa hiyo alikuwa na mambo kadhaa aliyoyajua kuhusu mtu wa upande wa pili, ingawa hakuna aliyemtuma kuyajua. Alijua kwamba hakuwa kijana. Alijua kwamba alipenda kunywa kitu cha moto kabla ya kuanza, maana herufi zake za kwanza zilikuwa na umajimaji. Siku za bahari mbaya alisoma haraka, huenda tumbo lilimsumbua. Na kulikuwa na neno moja refu la Kiingereza, lile la "litakalowapata", ambalo kila mara alilikaribia kwa woga, akaliruka kama mtu anayevuka mtaro. Jovelyn alijikuta akimngojea alivuke salama.

"Ana watoto, unadhani?" alimuuliza Crispulo siku moja, wakila wali wa kukaanga na samaki wakavu kwenye ngazi ya nyuma.

"Dada Jovi, yule alitupiga kwa mizinga ya maji mwezi uliopita. Kioo cha mbele kikapasuka."

"Si yeye. Yeye anasoma tu."

"Na wewe unasoma tu. Basi nani anagombania mwamba?"

Swali hilo alilisema kwa mzaha, akaenda zake kuosha sahani. Jovelyn alibaki nalo. Kwa mbali aliiona ile meli nyingine, kubwa mara mbili ya yao, nyeupe kama hospitali, imesimama na wenzake wawili kwenye mlango wa mwamba, upenyo wa kuingilia maji yaliyozungukwa na mwamba. Juu kabisa, mahali ambapo jicho lilichoka kutafuta, ndege ya Wamarekani ilikuwa ikizunguka kama ilivyozoea. Mawaziri wa nchi hizi walikuwa wakikutana katika kumbi zenye bendera. Kwenye televisheni mwamba ulikuwa alama nyekundu juu ya ramani ya buluu. Hapa ulikuwa povu tu, mstari wa povu na rangi ya kijani chini yake, na watu wawili waliokuwa wakisomeana karatasi.

Kapteni Gallego alikuwa amemwonya mapema. Hakuwa mkali; alikuwa mtu mpole mwenye kidonda cha tumbo, na aliongea kana kwamba kila neno lingemuuma. "Padernal, redio hii haina mlango. Wanakusikia wao, wanakusikia Manila, anakusikia yule Mmarekani aliye juu na ndege yake. Neno moja nje ya karatasi, kesho limekuwa habari. Wanaweza kulikata, wakalipamba, wakaonyesha ulimwengu kwamba tumekiri mwamba ni wao. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

Na alikuwa ameelewa kweli.

Dhoruba ilikuja asubuhi isiyo na dalili yoyote. Mbingu upande wa magharibi zilifunga ghafla, mvua ikapita juu ya maji kama pazia linalovutwa, na kabla kahawa haijapoa ilikuwa imekwisha kupita na jua limerudi. Ndipo redio ndogo, ile ya kuongea na wavuvi, ilipoita. Alikuwa nahodha wa chombo kimoja cha wavuvi kutoka mkoa wa Zambales. Ngalawa zake ndogo zote zilikuwa zimerudi isipokuwa moja. Mtu wake aliitwa Melchor.

"Mkondo unaelekea wapi?" aliuliza Kapteni.

"Ndani, mkuu. Ndani kabisa. Kwa Wachina."

Crispulo alikwishapanda juu na darubini. "Naona ngalawa," alipaza sauti. "Imepinduka. Mtu simwoni. Imeshapita nyuma ya meli zao."

Kapteni akaamuru mashua ya mpira ishushwe. Lakini mashua hiyo ingelazimika kupita kati ya zile meli tatu, na mara ya mwisho mashua ilipojaribu ilirudi imejaa maji na mtu amevunjika mkono. "Waombe njia, Padernal."

Kwenye jalada la majibu yao kulikuwa na sentensi ya uokoaji. Jovelyn aliisoma: meli ya Ufilipino ilikuwa ikitekeleza operesheni ya kuokoa maisha, nayo iliomba isizuiwe.

"Meli ya Ufilipino," ilijibu ile sauti, "mmeingia katika maji ya China. Ondokeni mara moja."

"Rudia," alisema Kapteni.

Akarudia. Sauti nayo ikarudia. Karatasi mbili zilikuwa zimekaa pamoja barabara, kama mlango na fremu yake. Hapakuwa na upenyo hata wa kupitisha kucha. Jovelyn alitazama maji. Yalikuwa mazuri kwa namna ya kuudhi, yametulia, yanang'aa. Akafikiria mtu aliye ndani ya uzuri huo, mdomo umejaa chumvi, akiona vyuma vyeupe vimesimama pande zote na hakuna hata kimoja kinachomjia.

Akakibonyeza kitufe. Karatasi aliigeuza, ikalala kifudifudi.

"Wewe uliyekuwa na kikohozi," alisema.

Crispulo alishuka ngazi moja, akasimama. Mkono wa Kapteni uliinuka, ukakaa hewani karibu na bega la Jovelyn.

"Naongea na wewe, siongei na meli. Kuna mtu majini nyuma yenu. Ni mvuvi. Hana jaketi, hana chochote. Simwoni kutoka hapa. Wewe unaweza kumwona. Tafadhali tazama."

Akaachia kitufe. Redio ikapiga mkwaruzo mtupu. Mkono wa Kapteni ulibaki palepale, kisha polepole ukarudi mfukoni.

Walingoja. Injini ilinguruma chini ya miguu yao. Jovelyn aliwaza kwamba sasa maneno yake yalikuwa yanasafiri, yanaingia masikioni mwa watu asiowajua katika vyumba asivyoweza kuvifikiria, na kwamba hakuna njia ya kuyarudisha.

Kisha ile sauti ikaja, si kavu tena. Ilikuwa ya chini, ya haraka, kama ya mtu anayeuliza njia.

"Amevaa rangi gani?"

Jovelyn hakujua. Katika yote aliyoyawaza, hilo hakuliwaza. "Crispulo! Amevaa nini?"

Crispulo alikwishainyakua redio ndogo, akafoka kwa nahodha wa wavuvi, akasikiliza. "Njano! Fulana ya njano, ya kampeni ya meya!"

"Njano," alisema Jovelyn.

"Njano," ilirudia sauti. Safari hii kimya kilikuwa kifupi. "Tunamwona. Ameshika mti wa ngalawa. Yuko kaskazini yetu. Leteni mashua moja, ndogo, bila silaha." Ikasita. "Fanyeni haraka."

Na ile meli iliyofanana na hospitali ikaanza kugeuka. Iligeuka kwa uzito, kama mtu mzima anayempisha mwenzake kwenye korido nyembamba, mpaka maji ya kijani yakaonekana kati yake na jirani yake. Crispulo na mabaharia wawili walipita hapo. Jovelyn aliwafuata kwa darubini, kisha akashindwa kujizuia, akaipandisha juu, kwenye madirisha ya meli ile. Aliona vioo vyeusi vinavyorudisha jua. Aliona watu wenye kofia kwenye sitaha, wamesimama wakitazama chini. Yeyote kati yao angeweza kuwa yeye, na pengine hakuwa hata mmoja wao.

Melchor aliletwa akiwa hai, midomo ya zambarau, amelikumbatia boya la rangi ya machungwa lenye maandishi ya Kichina. Hakutaka kuliachia hata alipokwisha kufunikwa blanketi. Mpishi akamletea uji wa mchele na kuku.

"Nani alikutupia hilo boya?" Jovelyn alichuchumaa mbele yake. "Ulimwona?"

"Dada, mimi nilikuwa nakunywa bahari," alisema Melchor, meno yakigongana. "Nimeona kiatu."

"Kiatu cha namna gani?"

"Jamani, mwache mtu ale!" alisema Crispulo, na watu wote wakacheka zaidi ya mzaha wenyewe ulivyostahili.

Kesho yake asubuhi Jovelyn alikaa mbele ya redio mapema. Onyo lilikuja kwa wakati wake. Lilisomwa na sauti ya kijana, ngeni, nyepesi, isiyojikwaa mahali popote. Aliisikiliza hadi mwisho, akajibu neno kwa neno kama karatasi ilivyosema. Siku iliyofuata ilikuwa ya kijana huyo huyo. Na iliyofuata.

Hakuwahi kuisikia tena ile nyingine, maana yeye mwenyewe aliitwa Manila.

Maneno yake yalikuwa yamefika kabla yake. Kituo kimoja cha televisheni kilimwita shujaa. Kingine kilihoji kwa nini ofisa wa Ufilipino aseme "tafadhali" ndani ya maji ya Ufilipino. Ng'ambo ya bahari Wachina walitangaza kwamba wamemwokoa mvuvi kwa ukarimu wao, jambo lililoonyesha nani mwenye mwamba. Mama yake alipiga simu kutoka kisiwa cha Guimaras kumuuliza kama anakula.

Kamanda Herminia Salcedo, aliyepewa jukumu la kulichunguza suala lake, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimkaribisha kiti, akamwonyesha kijana aliyekaa kando. "Luteni Jefferson Tiu. Atatusaidia na Kichina. Rekodi ya meli yenu ni mbovu, ina kelele za injini. Hii nyingine si yetu." Akaelekeza kidole juu, kwenye dari, na kila mmoja akaelewa ni ya ile ndege ya Wamarekani. "Wao wana masikio mazuri. Nataka useme kama maneno ni yako."

Akabonyeza.

Jovelyn alijisikia akisema, "Wewe uliyekuwa na kikohozi," akaona haya, kama mtu anayejiona kwenye kioo cha duka bila kutarajia. Alijisikia akisema tafadhali. Kisha kikaja kile kimya. Melini kilikuwa mkwaruzo mtupu. Hapa hakikuwa kitupu. Upande wa pili kitufe kilikuwa kimebonyezwa mapema, kikashikiliwa, na chumba kizima kilikuwa kimebaki wazi: kiti kilisogezwa, mtu alivuta pumzi. Mwanamume mwingine, aliye mbali kidogo na kipaza sauti, alisema jambo kwa ukali. Mtu wa karibu akajibu kwa neno fupi. Ndipo likaja swali la rangi.

"Ni maneno yako?" aliuliza Kamanda.

"Ni yangu, afande." Jovelyn hakuwa akimtazama. Alikuwa akimtazama Luteni. "Huyo wa nyuma anasema nini?"

Tiu alimwangalia Kamanda, naye akaitikia kwa kichwa.

"Anamwambia, 'Hilo halimo kwenye karatasi.'"

"Na yeye?"

"Anasema, 'Najua.'"

Nje, barabarani, mchuuzi wa tofu ya moto alikuwa akipita akinadi, sauti yake ikipanda na kurefuka mpaka ikapotea kwenye kona. Kamanda Salcedo alivaa miwani, akaifungua kalamu.

"Padernal, una la kuongeza kabla sijaandika?"

"Naomba tuisikilize tena, afande."

Kamanda akaiweka kalamu chini, akairudisha rekodi nyuma, na kabla ya kubonyeza akakivuta kiti chake karibu na spika.