Siku ya Kumtuza Fabiani

Romana alianza kuipanga siku ile mahindi yakiwa bado shambani, na mimi jirani yake alinichosha masikio. Mwanawe Fabiani alikuwa amejiunga na kikundi cha maigizo Mpanda mjini, na Jumamosi wangeonyesha igizo kwenye ukumbi mmoja wa Nsemulwa. Romana alitaka akina mama wa jumuiya yetu wote tutoke kijijini kwetu Sitalike asubuhi kwa gari la kukodi aina ya Noah, tukae mstari wa mbele, tukiwa na sare moja ya kitenge. Igizo likiisha tungekula na Fabiani barazani hapo ukumbini, tupige naye picha, tupite sokoni, ndiyo turudi.

Fabiani mwenyewe alimwambia kwa simu asije, watu watakuwa wengi, atachoka bure.

"Ananionea huruma," Romana akatuambia, uso umemng'aa.

Huruma gani? Kijana yuko Mpanda, mwendo wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na ana miaka miwili hajakanyaga kwa mama yake. Lakini Romana ukimgusia habari za Fabiani anakuwa kiziwi, kwa hiyo nilinyamaza.

Asiyenyamaza alikuwa Kija, jirani yetu Msukuma, ambaye mdomo wake hauna breki. Tulipokuwa kwa fundi cherehani kupimwa zile sare, alisema mbele ya watu, "Huyo Fabiani wako anapanga viti tu huko mjini. Anaigiza nini yule?"

Romana akavimba. "Utamwona kwa macho yako, Kija. Na utaniona mimi nikiingia kumtuza, na yeye akiniita mama mbele ya ukumbi mzima."

Basi hapo ndipo safari yote ilipogeuka. Kwetu mtoto akipata kipaimara, akihitimu au akioa, mama yake anaingia akicheza, anamfunika kitenge kipya mabegani, na wanawake wanapiga vigelegele. Kwenye igizo mama anatakiwa angoje mpaka mwisho, lakini nani alikuwa amewahi kutuambia? Tulikuwa hatujaona igizo la ukumbini maisha yetu yote. Romana akanunua kitenge cha kumtuzia mwanawe, kizuri kuliko vyote alivyowahi kujinunulia mwenyewe.

Jumamosi mambo yalikwenda alivyoyapanga. Noah ilifika mapema, wali na kuku vikakaa moto kwenye hotpoti, na mstari wa mbele tukaupata. Igizo lilikuwa la kuchekesha. Fabiani alikuwa bosi tajiri, amevaa suti na miwani myeusi, anawafokea wafanyakazi wake. Tuseme ukweli, kijana anajua kuigiza. Romana alimpiga Kija kiwiko mpaka Kija akalalamika.

Niliona pia Fabiani alipotuona. Alisita kidogo, akageuzia uso upande wa pili, akaendelea kufoka.

"Sasa!" Romana akasema, akainuka.

Alipanda jukwaani akicheza, kitenge amekikunjua kwa mikono miwili, na sisi tukaachia vigelegele. Akamfikia mwanawe, akamfunika mabegani.

Fabiani angeweza kusema neno moja tu. Angesema "asante mama," watu wangepiga makofi, na igizo lingeendelea. Alivua miwani, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mlinzi!" akaita. "Huyu kichaa amepitaje getini?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Romana naye akacheka, masikini, akidhani ni utani wa mapenzi.

"Fabiani, ni mimi mama yako!"

"Mama yangu yuko Ulaya!" Fabiani akajibu, na watu wakazidi kuangua kicheko, wengine wakigonga viti. Akakivua kile kitenge, akainama, akafutia viatu vyake, kimoja baada ya kingine, taratibu, ili wa nyuma nao waone. Halafu akamrushia usoni. Yule aliyeigiza mlinzi akamshika Romana mkono, akamburuta mpaka chini. Kandambili moja ikabaki jukwaani, na Fabiani akaipiga teke, akapigiwa makofi tena. Kija alicheka mpaka akajifunika uso kwa ushungi. Nilitamani kupanda nimzabe yule kijana kibao cha haja.

Romana alirudi kwenye kiti chake, akakaa wima. Hakulia. Alitazama igizo mpaka mwisho, na mahali pa kupiga makofi alipiga.

Watu walipotoka tulitandika mkeka barazani kama tulivyopanga. Fabiani alikuja akiwa na kiongozi wa kikundi, mwanamume mnene anaitwa Kasimiri, ambaye alimkimbilia Romana na kumshika mikono yote miwili.

"Mama, wewe una kipaji! Igizo hili tumelionyesha mara ngapi, hatujawahi kupata kicheko kama cha leo." Akamgeukia Fabiani. "Kwani mnafahamiana?"

Kija aliacha kutafuna. Romana alimwangalia mwanawe, na mimi nilimwona anaomba kwa macho. Sijawahi kumwona mtu mzima akiomba namna ile.

"Ni jirani yetu kule nyumbani," Fabiani akasema.

Nilifungua mdomo nimwambie Kasimiri ukweli, na huyo mtoto nimpe vidonge vyake. Romana akanibana mkono kwa nguvu.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ni jirani yao. Nilimbebabeba alipokuwa mdogo."

"Basi mama jirani," Kasimiri akasema kwa furaha, "Jumamosi ijayo tunaonyesha kule Karema. Njoo ufanye vile vile. Unapanda, anakufukuza, mlinzi anakuburuta. Tutakulisha na pa kulala tutakupa."

Nilijua atakataa. Mtu yeyote mwenye damu mwilini angekataa.

"Mpaka Karema nitakwenda gari moja na huyu?" Romana akauliza, akimwonyesha Fabiani kwa kidole.

"Gari moja, kwenda na kurudi."

"Nitakuja."

Kasimiri akaenda kuwaambia wenzake. Fabiani alibaki amesimama, mikono mfukoni, akaangalia huku na huku kuhakikisha hakuna mtu wa mjini anayesikia, kisha akamwinamia.

"Lakini Karema usiniite jina langu. Na ile ya kusema wewe ni mama yangu iache, leo nusura uniharibie."

"Sawa," Romana akasema. "Sitasema tena, baba."