Foleni ya Mlangoni kwa Delyth

Delyth Pugh alitoka hospitali Alhamisi moja ya Februari, saa nne asubuhi, na teksi ikamshusha nyumba mbili kabla ya kwake kwa sababu mbele ya mlango wake palikuwa na foleni. Watu kumi na mmoja walisimama mmoja nyuma ya mwingine, kuanzia kizingitini hadi karibu na kanisa la zamani ambalo siku hizi ni ghala la mazulia. Walivaa gauni za hospitali, na juu yake makoti ya mvua. Kila mmoja alishika barua ya kumwambia asubiri kuitwa. Delyth aliwaomba radhi, nao wakamwomba radhi, wakampisha na mkoba wake, kisha wakajipanga tena.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa kaka yake, Emlyn, na fimbo yake. Delyth alipoingia ndani alimpigia simu nyumbani kwake, kule mtaa wa juu mlimani, na Emlyn akapokea. Alisema yuko kitini anatazama marudio ya raga, nyonga inamuuma kama kawaida, na je, nyongo imetolewa salama? Delyth akasema imetolewa salama. Kupitia dirishani alimwona yule Emlyn mwingine akihamishia fimbo mkono wa kushoto.

Habari ya nyongo ilikuwa uongo. Delyth alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, kilo mia moja hamsini na mbili, mwenye kisukari na magoti yaliyokwisha. Alisubiri miaka mitatu. Alihudhuria darasa la lishe kila Jumanne, akaandika daftarini kila alichokula hadi biskuti ya kuokota, na mwishowe madaktari wa hospitali ya serikali wakampunguza tumbo likabaki saizi ya ndizi moja. Watu aliwaambia ni nyongo kwa sababu nyongo haina lawama. Mtu akitolewa nyongo huletewa maua.

Tena kulikuwa na maneno ya klabuni. Miaka miwili nyuma, Emlyn alikuwa akisoma gazeti lenye picha ya watu wanene, zile picha zinazopigwa kuanzia shingoni kushuka chini, akasema mbele ya meza nzima kwamba mtu aliyejilisha mpaka akawa gunia asichukue kitanda cha hospitali cha mwenzake aliyevunjika mgongo kwa kazi. Meza nzima iliafiki. Halafu akamgeukia Delyth, aliyekaa ubavuni pake, akamwambia, "Sikusemi wewe, mdogo wangu." Delyth alicheka pamoja nao. Kisha alikwenda msalani akakaa huko mpaka wakaanza kuita namba za mchezo wa bingo.

Mtaani hakuna aliyeshtushwa na foleni. Bibi Gwenllian Rees, aliyekuwa akingoja kutolewa mtoto wa jicho, alionekana wa tano pale nje na wakati uleule jikoni kwake akimenya karoti. Alipoulizwa alisema ndiyo, ni yeye, na kwamba pale nje kuna upepo mbaya. Polisi alikuja mara moja kuwaomba waache nafasi ya kupita vigari vya watoto, nao wakaacha. Diwani aliahidi benchi. Wapita njia walikuwa wakiuliza ni nani wa mwisho, wakishaonyeshwa wanasimama nyuma yake, na ilipofika Pasaka walikuwa ishirini na sita.

Hakuna aliyemlaumu Delyth, na hilo ndilo lililomla. Kila siku aliwachemshia chai kwenye birika kubwa aliloazima shuleni, akaipeleka kikombe kwa kikombe, nao wakashukuru. Alipokaa dirishani na vijiko vyake vinne vya mchuzi, kiasi alichoruhusiwa na daktari, foleni nzima iligeuza nyuso kutazama mlima ili asijione anatazamwa akila. Alitamani hata mmoja wao amtukane.

Kilo zikaanza kumtoka. Alijiwekea moyoni, bila kumwambia mtu, kwamba kadiri zinavyotoka ndivyo foleni itakavyosogea. Zikatoka kumi, zikatoka ishirini, zikapita thelathini. Foleni ilibaki palepale. Siku moja ya Mei alivaa koti lake akaenda kusimama mwisho kabisa, nyuma ya mwalimu mstaafu aliyengoja kubadilishwa goti. Alitaka kurudisha nafasi yake, apewe mwingine.

Mwalimu aligeuka akamtazama. "Samahani dada," alisema, "nafikiri wewe ushapata lako."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Delyth alimwomba radhi, akarudi ndani, akalia amesimama mbele ya sinki mpaka chai ikapoa.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali, dirisha la miadi. Karani, binti mwenye mafua, alimweleza kila kitu bila haraka. Tumbo lina orodha yake, nyonga ina orodha yake, na hizo mbili hazigusani. Chumba cha kupasulia nyonga hufungwa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tangu baridi ya mwaka juzi, kwa kukosa wauguzi. Hata Delyth angebaki na kilo zake zote, hata angekufa nazo, Emlyn asingesogea hata hatua moja. Delyth aliuliza ni nani aliyeamua kifungwe. Binti alitafuta kwenye kompyuta, akapenga kamasi, akasema haionyeshi. Delyth alimwamini kila neno. Na alipofika nyumbani, akapita mbele ya watu wale, alijiona mwizi vilevile.

Mwezi Juni alipanda mlima. Kwa miaka tisa hakuwahi kufika kwa kaka yake kwa miguu yake. Emlyn ndiye aliyekuwa akishuka, mpaka nyonga ilipomfungia ndani, na tangu hapo ndugu hao wawili, walioishi mwendo wa dakika ishirini, walionana kwenye mazishi tu. Njia ina ngazi mia moja na nne. Delyth alizipanda zote, akabisha hodi, akasikia fimbo ikija polepole kutoka chumba cha nyuma. Emlyn alipofungua hakumtazama usoni. Alimtazama magoti.

"Umepanda kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Bila kusimama?"

"Nilisimama mara moja. Nilikuwa natazama kondoo."

"Kondoo," alisema Emlyn, na mdomo wake ukacheka kidogo upande mmoja.

Jikoni vyombo vilikuwa vimejaa, kwa kuwa hakuweza kusimama zaidi ya dakika tano. Delyth alikunja mikono ya sweta akaanza kuosha. Ilikuwa rahisi kusema akiwa amempa mgongo.

"Haikuwa nyongo, Em. Walinipunguza tumbo."

"Tangu Machi najua. Nyongo gani inamkondesha mtu mpaka suruali inamvuka barabarani?"

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Delyth alisuuza sahani ambayo tayari ilikuwa safi. Akamuuliza kama amemkasirikia. Emlyn aliwasha birika la maji ya chai.

"Nimekasirika," alisema. "Kila nikiamka nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani, Del, sijawahi kumwona. Wewe ndiye uliye karibu."

Delyth akasema sawa. Alijifuta mikono akamimina chai, na wakanywa wakitazama bonde lote kule chini, paa za mtaa wao, na mstari mwembamba wa watu waliovaa makoti. Emlyn alinyoosha kidole akajionyesha, wa kwanza kabisa, akasema afadhali amevaa ile kofia nzito. Delyth alipokuwa akiondoka, Emlyn alimwomba aje tena Alhamisi na ule mchuzi wake wa kondoo na viazi.

"Lete bakuli kubwa," alimwambia. "Nitakula na sehemu yako."

Kwa hiyo alipanda kila Alhamisi, na Jumapili pia. Alimwosha miguu, akamkata kucha ambazo hakuweza tena kuzifikia. Alifurahi kupanda ngazi zile, na furaha yenyewe ilimtia aibu, maana aliiona nyepesi mno mbele ya mtu anayehesabu hatua za kwenda chooni. Kaka yake hakumsamehe kwa maneno. Alikuwa akimwekea kiti dirishani kabla hajafika, na kwa mtu wa nyonga ile, kuburuta kiti kulikuwa ni kibarua cha asubuhi nzima. Akishuka, Delyth alimpelekea chai yule Emlyn wa foleni, ambaye alishukuru kama mgeni na kuuliza kama kuna habari yoyote kutoka hospitali. Delyth alijibu kwamba bado.

Oktoba Emlyn alianguka bafuni. Alilala hospitalini siku kumi na mbili, tisa kati ya hizo koridoni, karibu na mlango usiofungika vizuri. Kifua kikajaa maji. Alikufa Jumanne asubuhi, na Delyth alikuwa amemshika mkono, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ambacho mwaka uliopita kisingemtosha.

Alirudi nyumbani mchana. Mvua ilikuwa ikinyesha na foleni ilikuwa na watu arobaini na watatu, ikapita kanisa la zamani, ikakata kona kwenye duka la chipsi. Nafasi ya kwanza ilikuwa wazi. Hakuna aliyeikanyaga. Kwa watu wale, huwezi kuchukua nafasi ya mtu ambaye labda ametoka mara moja tu.

Wa pili alikuwa fundi bomba aitwaye Tudur Bevan, mwenye nyonga kama ya Emlyn. Aliuliza, kwa heshima, kama yule bwana atarudi.

"Harudi," Delyth alisema. "Alikuwa kaka yangu. Sogeeni."

Tudur alivua kofia akampa pole. Kisha akapiga hatua moja, akasimama kizingitini. Nyuma yake wa tatu akapiga hatua, na wa nne, na Bibi Gwenllian, na hatua ile ikaenda ikishuka mtaani hadi ikakata kona. Ilikuwa mara ya kwanza foleni kusogea tangu Februari. Delyth alisimama mvuani mpaka wa mwisho naye akasogea, na kutoka kule dukani akasikia mtu akimwambia mwenzake kwamba leo angalau inatembea.