Haikuanguka, Iliteleza

Tangu watoke nyumbani, Baba Pacha alikuwa hajafunga mdomo. Mara kusafisha lenzi ni kazi ya kitambaa tu, mara mafundi wa kamera ni watu wa kukuza mambo, mara yeye mwenyewe angeimaliza pale pale sebuleni kama mkewe asingekuwa mbishi. Mkewe, mpiga picha za harusi, alitangulia mbele ameukumbatia mkoba wa kamera, akijiuliza kwa nini mtu huyu ameamua kuchukua mapumziko leo, kati ya siku zote.

Hakumwomba amsindikize. Alitaka kwenda peke yake, maana hakuwa anakwenda kusafisha lenzi. Alikuwa anakwenda kujua kama anapofuka.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Yeye alifundishwa kazi zamani, na hadi leo hulenga kwa mkono: huizungusha lenzi taratibu mpaka jicho lake liridhike, wala haiachii mashine imwamulie. Sasa kila alipochungulia kwenye kamera, upande wa kushoto ulikuwa na ukungu, na picha zilipotoka, mashangazi waliosimama kushoto hawakuwa na pua. Mama yake mzazi alipoteza macho akiwa na umri kama huo, na kwake pia ilianza na ukungu wa upande mmoja. Hofu ilipokwisha kumwingia, hata sahani mezani zikaonekana zina ukungu. Harusi moja alishamwachia mpiga picha mwingine, akasingizia mafua.

Fundi wa kamera naye alikuwa mtu wa taratibu za kuudhi. Alifuta meza iliyokuwa safi tayari, akapokea simu, akamweleza mtu huko upande wa pili kwa kirefu jinsi ya kutunza betri, ndipo akaishika lenzi na kuitikisa karibu na sikio.

"Iliwahi kuanguka hii, dada?"

"Haijawahi," alisema, na hofu ikamzidi. Laiti ingekuwa imeanguka! "Naitunza kuliko ninavyojitunza mwenyewe."

"Kabisa," Baba Pacha alidakia, kwa sauti kubwa mno. "Kwetu sisi vitu havianguki."

Fundi alijaribu kufungua kile kioo chembamba cha kinga kilichofungwa mbele ya lenzi. Kikagoma. Akavaa glavu ya mpira, akakaza meno, kikatoka kikisaga kama kina mchanga. Kwenye nyuzi zake za kukazia, mahali panapotakiwa kuwa chuma kitupu, palikuwa pamezungushiwa tepu nyeupe, ile laini ambayo mafundi bomba huiweka kwenye maungio ili maji yasivuje.

Nyumbani kwao fundi bomba alikuwa mmoja tu, na dakika hiyo alikuwa anaisoma kalenda ya ukutani kwa bidii ya mwanafunzi.

"Baba Pacha."

"Naam, mke wangu."

"Lenzi yangu ilikuwa inavuja?"

Alijikuna shingo. "Haikuanguka," alisema. "Iliteleza."

"Iliteleza ikaenda wapi?"

"Chini. Lakini kidogo tu! Nilikuwa natafuta chaja, kabla mvua hazijaanza. Kioo cha mbele kikapasuka, nikanunua kingine. Mdomo wa lenzi nao ulikuwa umebonyea, nikaunyoosha na koleo. Sasa kioo kikawa kinalegea, mtu ufanye nini? Nikatia tepu. Imekaa kuliko ya kiwandani, muulize fundi."

"Mimi msinitie humo," alisema fundi.

"Na koleo!" Mpiga picha alihisi damu inampanda utosini. "Lenzi yangu, na koleo la kufungulia vyoo!"

"Nililiosha."

Fundi, ambaye labda alishaona ndoa nyingi zikiyumba mbele ya meza ile, alisema kwanza waangalie kama imeumia ndani au ni mdomo tu. Alibandika ukurasa wa gazeti ukutani, akaifunga kamera kwenye stendi, akapiga kwa lenzi iliyoteleza. Kisha akaitoa, akaweka ya kwake.

"Subiri," mpiga picha alisema. "Niache nilenge mwenyewe."

Aliweka jicho. Alizungusha taratibu, akaenda moja kwa moja kushoto kabisa, pembeni, kwenye matangazo ya herufi ndogo zisizosomwa na mtu.

"Vyumba viwili vinapangishwa," alisoma kwa sauti. "Choo ndani. Maji ya uhakika. Wavuta sigara wasijisumbue." Akaendelea na tangazo la pikipiki, na la mbuzi wa maziwa, na sauti ilikuwa inakatika na machozi yanamtoka.

"Nitakununulia nyingine!" Baba Pacha alibabaika. "Mama Pacha, usilie, ni lenzi tu."

Fundi aliwaonyesha picha kwenye kompyuta. Kwa lenzi ya mpiga picha, kulia herufi zilikuwa kali. Kushoto ni uji mtupu. Kioo kimoja cha ndani kilikuwa kimehama kwenye kitako chake. Angeifungua na kukirudisha, lakini hakuahidi kwamba itakuwa kama zamani.

"Tengeneza," alisema mpiga picha, akijifuta. "Hata ikibaki na kasoro nitaipenda. Nilidhani ni macho yangu, fundi. Nilidhani ni yale ya mama."

Baba Pacha aligeuka. "Macho? Tangu lini? Mbona hukuniambia?"

"Wewe, wa kuniuliza hivyo?" Alitaka kupiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo. "Mkishaondoka asubuhi, nafumba macho najifunza kupika chai. Kiberiti nakipata sasa, sukari naipata. Na juzi niliwashika pacha wetu nyuso zao, polepole, nizikariri kwa vidole. Wakacheka, wakadhani nawatekenya."

Baba Pacha alifumba macho. Akanyoosha mkono, akautafuta uso wa mkewe kwa vidole.