Mkono wa Birika

Asubuhi ya kumkabidhi shemeji yake lori alilomuuzia, Birika aliamka mapema akausugua mpira wa oili ya stelingi kwa sabuni ya unga na mswaki wa zamani. Mpira ulikuwa umechoka, unavuja pale unapobanwa, na oili ikipungua usukani wa lori lile huwa mgumu hata dereva hukata kona kwa mabega. Aliupangusa ukang'aa, akajaza oili mpya nyekundu, akalisogeza lori mbele kidogo. Doa lililobaki sakafuni akalifunika kwa gunia.

Shemeji, mume wa dada yake wa pekee, hakufungua hata boneti.

"Hulikagui?" Birika aliuliza.

"Nikague nini, shemeji? Si wewe ni mtu wa nyumbani?"

Wakapeana mikono. Birika alipourudisha wake, kiganja kilikuwa na unyevu mwekundu. Alidhani hakujipangusa vizuri.

Kufikia mchana viganja vyote viwili vilikuwa vinadondosha. Mkewe alimwekea beseni, akamwomba asishike kitambaa cha meza. Mtaani walicheka mpaka basi. Jina la Birika alilipata kwa ubahili. Tangu ujana aliitwa mkono wa birika, na sasa, walisema, birika limeanza kumimina.

Siku ya tatu muuguzi wa zahanati alimfuta kwa pamba, akainusa, akamwelekeza gereji. Fundi alisugua tone kati ya vidole.

"Ya stelingi. Safi kabisa."

"Inatibika?"

"Kuna mpira umechoka mahali. Ukibadilishwa, itakata. Lori lako liko wapi?"

"Niliuza."

Fundi alimtazama usoni, kisha mikononi. "Basi kamwambie aliyenunua," alisema, akarudi chini ya gari alilokuwa akilitengeneza.

Birika alikwenda kwa dada yake siku hiyo hiyo, na njiani alijipangia maneno. Alimkuta shemeji ameketi kitandani, mikono imevimba mpaka kwenye viwiko, dada akimkanda mabega kwa maji ya moto.

"Lori linavuja, kaka," dada alisema. "Jana usukani ulimgomea na mzigo wa mchanga, akaparamia ukuta wa watu. Watoto walikuwa mbele naye. Mungu tu."

"Usimsumbue kaka yako," shemeji alisema. "Alinipa lori zima. Mimi ndiye nimeliharibu. Pengine udereva wenyewe siujui."

Uso ulimwiva Birika. Aliona aibu, aibu ile ya kutamani sakafu ipasuke. Maneno aliyoyapanga yalikuwa mdomoni, yote, na mdomo alishaufungua.

"Kaka," dada alisema, "unavuja."

Alikwenda jikoni akaleta jagi, akamkingia. Shemeji alichovya kidole, akanusa, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Si ndiyo yenyewe hii!" Alitoka hivyo hivyo na mikono yake iliyovimba, akaimimina kwenye lori, akawasha. Usukani ulizunguka kwa kidole kimoja. Dada alilia kwa furaha, akambusu kaka yake kwenye paji la uso. Birika aliufunga mdomo.

Mpira haujabadilishwa mpaka leo. Nani atahangaika na mpira, na oili ya bure ipo? Kila alfajiri, kabla ya kwenda kupakia mchanga, shemeji hupita na dumu. Birika humtolea mikono mlangoni, na wapita njia huona. Jina la zamani limeachwa. Siku hizi anaitwa Mkono Wazi, na wazazi humwonyesha kwa watoto wao kama mfano.

Zipo siku dumu halitoshi mpaka jioni. Siku hizo shemeji hurudi akiburuta mabega, na kesho yake huomba radhi kwa kuitumia vibaya oili ya watu.

"Mungu akuzidishie, shemeji," husema akifunga kifuniko.

Birika huitikia amina akiangalia chini, na oili huzidi.